Kwa nini baiskeli za wanawake huonekana Jumapili na kutoweka Jumatatu jijini Nairobi

ASUBUHI ya Jumapili, kabla jua halijapanda, wanawake wenye baiskeli huanza kuonekana jijini Nairobi. Baadhi yao huelekea msitu wa Karura, wengine hufuata Barabara ya Ngong wakiwa kundi la watu watano au sita, na wale waliokomaa katika mchezo huo hufululiza hadi Kikuyu na Limuru kujipima nguvu kwa milima ya huko.

Siku inayofuata hawaonekani. Kwenye Barabara ya Jogoo, ile ya Mombasa na hata Outering, ambako wanaume wanaokwenda kazini kwa baiskeli huonekana tangu alfajiri, mwanamke anayeendesha baiskeli ni wa kuhesabu. Akitokea, wapita njia humgeukia wakamtazama mara ya pili.

Maelezo yanayotolewa haraka ni kwamba wanawake wa mjini hawaipendi baiskeli. Jumapili huyakanusha maelezo hayo. Mtu asiyeipenda baiskeli haamki saa kumi na moja alfajiri siku ya mapumziko ili apande mlima kwa hiari yake. Lililopo ni kwamba jiji humruhusu mwanamke kucheza na baiskeli, ila humwekea vikwazo anapotaka kuitumia kama chombo cha kumfikisha aendako. Vikwazo hivyo vinajulikana, vinaweza kutajwa kimoja kimoja, na vingi vyavyo vilijengwa kwa saruji na lami.

Jambo hili lina kinaya katika nchi kama Kenya, ambayo jina lake duniani hubebwa kwa kiasi kikubwa na miguu ya wanawake. Pauline Konga aliponyakua nishani ya fedha katika mbio za mita 5,000 jijini Atlanta mwaka 1996, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata nishani ya Olimpiki. Miaka 12 baadaye, 2008, Pamela Jelimo alileta dhahabu ya kwanza kutoka Beijing. Kufikia Michezo ya Paris ya 2024, Beatrice Chebet alitwaa dhahabu mbili, mita 5,000 na 10,000, naye Faith Kipyegon akashinda mita 1,500 kwa Olimpiki ya tatu mfululizo.

Hakuna anayeshangaa tena kumwona msichana akikimbia kando ya barabara ya Iten. Ila mwenzake wa Nairobi akipita Jogoo kwa baiskeli, mikono ya abiria hutoka madirishani mwa matatu kumwonyesha.

Kwa upande mwingine, wanawake wengi wa mijini hawapati mazoezi ya kutosha. Takwimu zilizotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2024 zilionyesha kwamba mnamo 2022, asilimia 31 ya watu wazima duniani hawakufikia kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa. Miongoni mwa wanawake ilikuwa asilimia 34, na miongoni mwa wanaume asilimia 29. Kiwango chenyewe si kikubwa. Ni angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mtu anayeendesha baiskeli dakika 25 kwenda kazini na dakika 25 kurudi, siku tano, hufikisha dakika 250 bila kulipa ada ya ukumbi wa mazoezi wala kutafuta saa ya ziada ambayo mama mwenye watoto hana.

Ili kuelewa jinsi mwanamke alivyotengwa na chombo hiki, yafaa kurudi nyuma kidogo. Baiskeli iliyozoeleka Kenya kwa miongo mingi ni ile nzito ya rangi nyeusi, maarufu kama 'Black Mamba', yenye chuma kilichonyooka kutoka kwenye usukani hadi chini ya kiti. Katika nyumba nyingi za Nyanza na Magharibi ilikuwa mali ya baba, ikining'inizwa au kuegemezwa sebuleni, na kijana wa kiume ndiye aliyetumwa nayo kwenye posho mill au dukani. Huko ndiko alikojifunzia, mguu mmoja ukipitishwa chini ya chuma kile kabla hajawa mrefu wa kukikalia.

Dadake hakutumwa nayo. Hata biashara ya bodaboda ilipozuka kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ikianza kwa baiskeli kabla ya pikipiki kuiteka, mwanamke aliingia katika picha hiyo akiwa abiria, ameketi upande kwenye karia iliyowekwa mto, miguu yote miwili ikielekea kando. Vizazi kadhaa vya wanawake viliifahamu baiskeli kutoka nyuma yake.

Pamoja na desturi hiyo zilikuja imani kuhusu mwili. Iliyoenea zaidi ni kwamba msichana akiendesha baiskeli atapoteza ubikira, na kwa hivyo mzazi mwenye busara humkataza. Wataalamu wa afya wamelieleza suala hili kwa uwazi. Kizinda hutofautiana toka msichana mmoja hadi mwingine, kinaweza kutanuka au kuchanika kwa sababu nyingi, na hakiwezi kamwe kuthibitisha iwapo mtu amewahi kushiriki ngono. Mnamo Oktoba 2018, WHO pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa walitaka 'upimaji wa ubikira' upigwe marufuku kote duniani, wakisema hauna msingi wowote wa kisayansi.

Maumivu ni suala tofauti, na hayo ni ya kweli. Wanawake wengi wanaojaribu baiskeli kwa mara ya kwanza huiacha baada ya wiki moja kwa sababu ya kuumia sehemu za makalio na nyonga, wakaamini kuwa mchezo huo si wao. Mara nyingi tatizo huwa ni kiti. Mifupa miwili ya chini ya nyonga inayobeba uzito wa mtu aliyeketi huwa, kwa kawaida, imeachana zaidi kwa mwanamke kuliko kwa mwanamume. Kiti chembamba kilichoundwa kwa mwanamume huiacha mifupa hiyo ikining'inia, na uzito wote ukaangukia nyama laini zilizo katikati. Kiti kipana kiasi nyuma, kilicholala sawasawa bila pua yake kuinuliwa, huondoa sehemu kubwa ya adha hiyo.

Kimo cha kiti nacho hukosewa. Fundi wengi wa mitaani humshushia mwanamke kiti hadi nyayo zake zikanyage chini kwa urahisi, wakidhani wanamsaidia. Matokeo yake ni magoti yanayokaribia kugonga usukani na mapaja yanayochoka kabla ya kilomita mbili. Kipimo kizuri ni kwamba pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo tu.

Na ile fremu yenye chuma kilichoinama, ambayo wauzaji huiita baiskeli ya kike, haikubuniwa kwa sababu ya maumbile. Ilibuniwa karne ya 19 ili sketi ndefu ipate nafasi. Mwanamke anayevaa suruali anaweza kuendesha fremu yoyote inayolingana na urefu wake, na yule anayevaa rinda, kitenge au buibui atapata kwamba chuma kilichoinama bado kina faida.

Baada ya mwili na baiskeli, kuna jiji lenyewe. Nairobi si tambarare kama inavyodhaniwa na mtu anayeitazama akiwa ndani ya gari. Embakasi iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ilhali upande wa Karen na Dagoretti ardhi hupita mita 1,800. Anayeishi Eastlands na kufanya kazi Upper Hill au Westlands huanza siku yake kwa kupanda, kisha jioni, akiwa amechoka, huteremka. Wa Kawangware hupata kinyume chake: hushuka asubuhi akiwa na nguvu na kuurudia mlima saa za magharibi. Kati ya pande hizo kuna mabonde ya Mto Nairobi, Mathare na Ngong, ambayo mwendeshaji huyahisi magotini hata kama hajawahi kuyaona.

Udongo pia una neno lake. Magharibi mwa jiji ni mwekundu, huteleza ukilowa. Mashariki na kusini ni ule mweusi wa mfinyanzi ambao, mvua za Machi hadi Mei au Oktoba hadi Desemba zinaponyesha, hujibandika kwenye tairi na kujaza nafasi iliyo chini ya madigadi hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Mahali ambapo njia ya baiskeli haina lami, msimu huo hakuna njia.

Hata hivyo, umbali wenyewe hauogopeshi. Kutoka Umoja hadi katikati ya jiji ni takriban kilomita 10. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 15 kwa saa, ambao mtu asiye mwanariadha huuzoea baada ya wiki chache, hiyo ni safari ya dakika 40. Matatu katika msongamano wa asubuhi inaweza kuchukua muda huo na kuuzidisha, bila kuhesabu dakika za kungoja kituoni.

Hesabu ya fedha hutoa picha nzito zaidi. Mwanamke anayelipa nauli ya Sh80 asubuhi na Sh100 jioni hutumia Sh3,960 katika mwezi wenye siku 22 za kazi. Mvua ikinyesha, nauli hupanda bila taarifa na hesabu hiyo huvurugika. Baiskeli iliyotumika ng'ambo lakini ingali imara hupatikana kwa kati ya Sh10,000 na Sh20,000. Hata ile ya bei ya juu hujilipia kwa nauli ya miezi mitano na siku chache. Kwa anayepokea mshahara wa kibarua, kiasi hicho ni karo ya mtoto au kodi ya nyumba.

Kwa nini basi asiinunue na kuitumia? Jibu la wengi wao ni moja, nalo ni barabara.

Katika miaka ya hivi karibuni, zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa kila mwaka katika ajali za barabarani nchini Kenya, na kundi kubwa kuliko yote katika orodha hiyo ni la waendao kwa miguu. Mwendeshaji baiskeli hushiriki nao kivuli hicho cha hatari. Hana bati linalomkinga, na gari linalompita kwa kasi halihitaji kumgonga ili kumwangusha. Upepo wa lori pekee humtosha.

Si kwamba wakuu wa jiji hawalijui hilo. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilizindua sera ya usafiri usiotumia injini, ikaahidi kwamba asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara itatengwa kwa ajili ya wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Ilikuwa ahadi ya kupigiwa mfano, na wataalamu wa nje waliisifu. Muongo mmoja umepita tangu wakati huo. Mwananchi anayetaka kujua kama imetimizwa hahitaji kufungua vitabu vya hesabu. Anaweza kutoka nyumbani kwake na baiskeli, akaona njia inamfikisha wapi.

Akianzia Barabara Kuu ya Thika, ambayo Rais Mwai Kibaki aliifungua Novemba 2012, atakuta njia ya kando iliyotengewa waendao kwa miguu na baiskeli kwa umbali mrefu. Hilo lilikuwa hatua kubwa. Tatizo ni kwamba njia hiyo hukatika mahali anapoihitaji zaidi, yaani kwenye makutano, ambako magari yanayotoka na kuingia barabara kuu humkata mbele. Panapobaki salama, pamejaa vibanda, mitumba iliyotandazwa na pikipiki zinazokwepa foleni. Akitaka kuvuka, itambidi kuipandisha baiskeli darajani pamoja na umati.

Katikati ya jiji hali ilibadilika kidogo kati ya 2020 na 2022, wakati iliyokuwa Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi (NMS) ilipokarabati njia za kando kwenye Kenyatta Avenue, Muindi Mbingu, Wabera na kwingineko, ikachora alama za baiskeli. Ni kazi inayoonekana, na anayekanusha hilo hajapita huko. Lakini njia zile ni fupi. Humpokea mwendeshaji ambaye tayari amepona Jogoo, Landhies au Haile Selassie, zikamsindikiza mita mia kadhaa, kisha zikamwacha.

Barabara ya Haraka ya Nairobi, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2022, ilikwenda njia nyingine kabisa. Baiskeli, pikipiki na tuktuk haziruhusiwi kuipanda, jambo ambalo lina mantiki kwa barabara ya kasi ya aina hiyo. Lisilo na mantiki ni kwamba wakati wa ujenzi, njia za kando zilizokuwa chini yake zilivurugwa katika sehemu nyingi, na wanaozitegemea ndio hao wasioweza kupanda juu. Mwenye gari alipewa barabara ya pili. Mwenye baiskeli aliachwa akitafuta ya kwanza.

Kulikuwa na jaribio jingine ambalo wengi wamelisahau. Mwanzoni mwa 2019, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, James Macharia, alitangaza kwamba kuanzia Februari 1 mwaka huo magari hayangeingia katikati ya jiji siku za Jumatano na Jumamosi. Mpango ulizua kelele, ukaahirishwa, na haukurudi. Kigali ilikuwa imeanza siku zake bila magari mnamo 2016, kwa kuchagua Jumapili asubuhi, wakati ambapo hakuna anayechelewa kazini, na kwa kufunga barabara chache tu zilizoteuliwa. Nairobi ilitaka kuanzia Jumatano. Mtu asiye na shahada ya mipango ya miji angeweza kutabiri mwisho wake.

Vikwazo hivyo humkabili pia mwanamume, naye huendelea kuendesha. Kinachomzidishia mwanamke mzigo ni mambo mengine matatu ambayo wapangaji wa barabara hawayahesabu.

Kwanza ni giza. Nairobi jua huchomoza na kutua karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, bila misimu ya mchana mrefu. Anayetakiwa kazini saa moja asubuhi na anayetoka saa kumi na mbili jioni huendesha gizani angalau safari moja kila siku. Mwanamume huliogopa giza kwa sababu ya mashimo na magari. Mwanamke huliogopa kwa sababu hizo, kisha akaongeza ya tatu. Sehemu zilizo chini ya madaraja, vichochoro vya kando ya reli na mitaro isiyo na taa ndizo njia za mkato zinazompunguzia mwendeshaji kilomita, na ndizo ambazo yeye hawezi kuzipita. Hivyo safari yake huwa ndefu kuliko ya jirani yake wa kiume ingawa wote wawili wanatoka ploti moja.

Pili ni maneno. Mwanamke anayetembea mjini amezoea kuitwa na utingo na wapiga debe. Juu ya baiskeli huitwa zaidi, kwa kuwa anaonekana zaidi, na mavazi ya kuendeshea humfanya ajadiliwe na watu asiowajua. Hili si suala dogo. Mnamo Novemba 2014, mamia ya wanawake waliandamana jijini Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani na wanaume waliodai kuwa amevaa vibaya. Mwishoni mwa mwaka huo Kanuni ya Adhabu iliongezwa kifungu cha 251A, kinachomtia hatiani anayemvua mtu nguo kwa nguvu, adhabu yake ikiwa kifungo kisichopungua miaka 10. Sheria hiyo ingali ipo. Lakini sheria humshughulikia aliyenyoosha mkono. Anayerusha maneno kutoka dirishani hufika Muthurwa kabla mwanamke hajajua la kumjibu. Ndiyo maana wengi huvaa suruali pana juu ya kaptula ya mchezo, na wengine sketi fupi juu ya suruali ya kubana, hali ya hewa iwe ya jua au baridi.

Kuendesha kwa makundi siku ya Jumapili huondoa shida zote hizi mbili kwa pamoja. Kuna mwanga, kuna wenzao, na anayetaka kurusha maneno hufikiri mara mbili mbele ya watu kumi. Jumatatu kila mmoja huwa peke yake.

La tatu ni aina ya safari. Mwanamume wa kawaida hutoka nyumbani hadi kazini na kurudi. Mwanamke hupitia shuleni kumwacha mtoto, kisha kazini, kisha sokoni, pengine kwa mgonjwa, kisha shuleni tena. Baiskeli ingeifaa sana safari ya namna hiyo yenye vituo vingi vifupi, ikiwa na karia imara, kikapu cha mbele na kiti cha mtoto. Ajabu ni kwamba njia za baiskeli zilizopo zimefuata barabara kuu zinazoingia na kutoka mjini, wakati mitaa ya ndani, iliko shule, soko na zahanati, haina hata njia ya kando ya kutembea.

Akifika aendako, hajamaliza. Askari wa langoni humwelekeza gari la mgeni kwa saluti, ila baiskeli humtia wasiwasi, asijue aiweke wapi. Mwenyewe hulazimika kuifunga kwenye mti au mlingoti wa taa na kushinda akiifikiria. Ofisini hakuna bafu, na karani aliyepanda mlima wa Upper Hill atakiwa mezani akiwa nadhifu dakika 10 baadaye. Waajiri wanaotenga chumba kimoja cha kuogea na chuma cha kufungia baiskeli mbele ya kamera ni wachache, ingawa gharama yake haifikii ile ya kuweka lami nafasi chache za kuegesha magari.

Upande wa michezo habari ni njema zaidi, na inafaa kuelezwa jinsi ilivyotokea. Msitu wa Karura, wenye ukubwa wa zaidi ya hekta 1,000, uliwahi kuwa mahali ambapo mwanamke hangethubutu kuingia peke yake. Profesa Wangari Maathai na wenzake waliutetea dhidi ya wanyakuzi wa ardhi mwishoni mwa miaka ya 1990, na Januari 1999 walishambuliwa walipojaribu kupanda miti huko. Ulipozungushiwa ua na kuwekewa walinzi, kisha ukafunguliwa upya kwa umma miezi michache kabla ya kifo chake cha Septemba 2011, mambo yaligeuka. Leo una vijia vya kilomita nyingi, baiskeli hukodishwa humo humo, na wanawake huendesha chini ya miti ile ile wakiwa peke yao, bila kuangalia nyuma. Miti haikubadilika. Kilichoongezwa ni ua, walinzi na watu.

Karura hutozwa ada ya kuingia, na iko mbali na Kayole. Anayetaka kuendesha bila malipo anaweza kujiunga na msafara wa Critical Mass unaofanyika Jumamosi ya mwisho ya mwezi, ambapo mamia ya waendeshaji hupita mjini wakiwa kundi moja. Desturi hiyo ilianzia San Francisco, Marekani, mwaka 1992, ikasambaa ulimwenguni. Kwa mwanamke ambaye hajawahi kuendesha kwenye lami yenye magari, huo huwa mwanzo wa kuizoea.

Walio na azma ya mashindano pia wana pa kutazama. David Kinjah, kutoka kambi yake ya Safari Simbaz karibu na Kikuyu, ndiye aliyemlea Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyekuja kushinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017. Miongoni mwa wanawake, Nancy Akinyi Debe na Kendra Tabu wamejijengea majina yanayofahamika katika mchezo huo nchini. Dunia yenyewe ilichelewa. Wanaume walishindania baiskeli tangu Olimpiki ya kwanza ya 1896, lakini mbio za barabarani za wanawake ziliingizwa 1984 jijini Los Angeles, mwaka ule ule marathoni ya wanawake ilipoanza. Septemba 2025, mashindano ya ubingwa wa dunia ya mbio za barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali, na Magdeleine Vallieres wa Kanada akatwaa taji la wanawake katika milima ya mji huo. Waliojipanga kando ya barabara kutazama walikuwa pamoja na wasichana.

Kwa mwanamke wa Nairobi anayetaka kuanza, wazoefu hushauri mambo machache. Baiskeli ya mtumba ikaguliwe kwanza fremu, hasa pale vyuma vilipounganishwa, maana ufa hapo hauna tiba ya kudumu. Magurudumu yazungushwe yakiwa hewani kuona kama yanayumba. Breki zijaribiwe zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Fedha za kofia ngumu, kufuli nzito na taa mbili, nyeupe mbele na nyekundu nyuma, zihesabiwe kuwa sehemu ya bei na wala si nyongeza ya mwezi ujao. Njia ya kazini ipitiwe kwanza Jumapili, ili mashimo na makutano yajulikane kabla ya siku yenyewe.

Na asiyejua kabisa, hata akiwa na umri wa miaka 40, asihofu. Hujifunza kwa haraka kuliko anavyodhani iwapo hatashikwa kiti na mtu anayekimbia nyuma yake akipiga kelele. Hutafuta uwanja wa shule au eneo tupu la kuegesha magari lenye mteremko mdogo. Kiti hushushwa hadi nyayo zote mbili ziguse chini, pedali zikafunguliwa na kuwekwa kando. Hujisukuma kwa miguu, akiinua nyayo kila mara muda mrefu kidogo zaidi, macho yakitazama mbele badala ya gurudumu. Mwili ukishajua mizani, kwa wengi baada ya saa moja au mbili, pedali hurudishwa, na siku chache baadaye kiti hupandishwa.